"Sina Uzoefu": Kauli Inayowanyima Ajira Vijana wa Kilombero

CV nyingi zinazochapwa kwenye steshenari za miji yetu zinafanana. Juu kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, dini na hali ya ndoa. Inafuata orodha ya shule tangu ya msingi, kisha lugha, kisha mambo anayopendelea mwombaji, ambayo karibu kila mara ni kusoma vitabu na kutazama mpira. Mwisho ni wadhamini. Mahali pa uzoefu wa kazi pana mstari mmoja, au hapana kitu kabisa. Ukimchunguza mwenye karatasi hiyo pale Ifakara, Mang'ula au Mlimba, unakuta ni mtu ambaye tangu amalize kidato cha nne hajakaa bure hata mwaka mmoja. Amefanya misimu miwili kwenye miwa, amekuwa karani wa sensa ya mwaka 2022, amezunguka vijijini akijaza madodoso ya utafiti, na kila masika yuko kwenye mpunga. Muulize uzoefu wake, atakujibu: sina. Jibu hilo si la kweli, na linamgharimu. Uzoefu anao, hajui namna ya kuuweka kwenye karatasi ukasomeka.

Chanzo cha kosa hili ni mazoea ya kuhesabu kazi kwa vitu vinavyoizunguka: barua ya ajira, cheo, meza ya ofisini, mshahara wa mwisho wa mwezi. Asiye navyo hujiona hajawahi kufanya kazi. Lakini mwajiri anayetafuta mtu ana maswali manne, na hakuna hata moja linalohusu meza. Anataka kujua ulifanya nini hasa, ulikifanya kwa wingi gani au kwa muda gani, kilileta tokeo gani, na nani alikuona ukikifanya. Mwenye cheo kikubwa asiyeweza kuyajibu maswali hayo ana uzoefu mdogo machoni pa msomaji, na kibarua anayeweza kuyajibu ana uzoefu wa kutosha kuitwa kwenye usaili. Kila ushauri uliomo katika makala haya unatokana na maswali hayo manne. Ukiyashika, huhitaji kununua mfano wa CV kwa mtu wala kunakili ya jirani.

Kwa bonde la Kilombero jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu uchumi wake haujawahi kusimama juu ya ajira za kudumu peke yake. Viwanda vya sukari vya Msolwa na Ruembe, kila kimoja upande wake wa Mto Ruaha Mkuu, huenda kwa msimu: miwa ikivunwa watu huitwa, mvua kubwa zikikaza wengi hurudi nyumbani. Mpunga nao una kalenda yake. Miradi mikubwa huja na kupita. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, bwawa la Kidatu likaanza kutoa umeme mwaka 1975, daraja la Mto Kilombero likafunguliwa mwaka 2018, na baada yake lami ikawekwa kutoka Kidatu kuja Ifakara. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, huendesha tafiti zake kwa miradi, na mikataba ya wafanyakazi wa uwandani hufuata muda wa mradi. Katika kazi zote hizo kuna watu wa hapa waliosuka nondo, waliopima, waliohesabu, waliopika na waliolinda. CV inayodhani kila mtu amekaa na mwajiri mmoja kwa miaka kumi inawafanya watu hao waonekane kama hawakuwepo.

Tumwangalie sasa anayesoma. Mwenye kuajiri hakufahamu. Mbele yake kuna maombi mengi kuliko nafasi, na muda wa kusoma kila moja ni mfupi. Kinachomsumbua ni hofu ya kumchukua mtu asiyeweza kazi, amlipe, amfundishe, kisha aanze kutafuta upya. Kwa hiyo jicho lake linapopita kwenye karatasi linatafuta kitu kimoja: dalili kwamba mwombaji huyu amewahi kufanya jambo linalofanana na hili, akalimaliza. Sentensi zinazosema "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo" hazimpunguzii hofu, maana kila mwombaji ameziandika. Uaminifu hausadikiki kwa kutajwa. Unasadikika pale mtu anapoandika kwamba alishika fedha za kikundi cha wanachama 30 kwa miaka miwili na hesabu zikakaguliwa bila upungufu. Sifa ni hitimisho, na hitimisho ni la msomaji kulitoa mwenyewe. Kazi yako ni kumpa ushahidi wa kulifikia.

Chukua mfano wa kazi ya mbu, ambayo watu wengi wa Ifakara wameifanya. Kwa miaka mingi watafiti wa malaria wamewatumia wanavijiji kutega mbu majumbani na kuwachambua, na katika kijiji cha Kining'ina kuna vibanda vikubwa vya nyavu ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa. Aliyeifanya kazi hiyo huandika: "Nimewahi kufanya kazi ya mbu miezi sita." Msomaji aliyeko Dodoma hapati kitu hapo. Sasa tumuulize mwombaji alikuwa akifanya nini hasa. Tuseme alitega mitego ya taa jioni katika nyumba kumi, akaifuata alfajiri kabla jua halijapanda. Alitenganisha mbu waenezao malaria na wengine, jike na dume, walioshiba damu na wasioshiba. Alihesabu, akaandika kwenye fomu namba ya nyumba, tarehe na idadi, kisha akaweka kila kundi kwenye kichupa chenye lebo yake. Mstari wake wa CV utasomeka hivi: "Mfanyakazi wa uwandani, utafiti wa mbu waenezao malaria, Januari hadi Juni 2023. Nilitega na kukusanya mitego ya taa katika nyumba 10 kila usiku wa kazi. Nilichambua mbu kwa aina na jinsia. Nilijaza fomu na kuweka lebo kwenye sampuli kabla ya kuzikabidhi maabara."

Hakuna majigambo katika mstari huo, wala hakuna neno lililoongezwa. Hata hivyo umebeba mambo ambayo "kazi ya mbu" haikuyabeba. Msimamizi wa maabara anamwona mtu aliyezoea sampuli na lebo. Mwenye stoo ya dawa anamwona mtu anayetunza kumbukumbu. Meneja wa kiwanda anamwona mtu anayefika kazini alfajiri na kufuata utaratibu uleule kila siku bila kuuchoka. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza: eleza vitendo, tena kwa vitenzi vyake halisi. Nilitega, nilipima, nilihesabu, nilikabidhi, nilifundisha, nilikarabati. Kila unapojikuta umeandika "nilihusika katika" au "nilishiriki kwenye", simama ujiulize mikono yako ilikuwa ikifanya nini siku hiyo, kisha andika hicho.

Kazi za muda mfupi nazo zina thamani kuliko watu wanavyodhani, hasa zile zinazojulikana nchi nzima. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ni mfano mzuri. Karani wa sensa alipewa mafunzo, akakabidhiwa kishikwambi na eneo lake, akaingia kaya kwa kaya akiuliza maswali ambayo mengine ni ya ndani ya familia, akatuma taarifa. Kazi ilikuwa ya siku chache, ndiyo, lakini msomaji yeyote nchini anaijua, na hahitaji kuelezwa ilikuwa na ugumu gani. Vivyo hivyo kwa waliosimamia vituo vya kupigia kura au waliotumika kwenye uandikishaji wa wapiga kura. Andika jina kamili la zoezi, mwaka, kata au kijiji ulichopangiwa, idadi ya kaya ulizozifikia kama unaikumbuka kwa uhakika, na kifaa ulichotumia. Aliyejaza madodoso ya ufuatiliaji wa kaya unaofanywa na taasisi ya Ifakara tangu mwaka 1996, ambapo vizazi, vifo na kuhama kwa watu hurekodiwa nyumba kwa nyumba, naye aandike hivyohivyo. Kati ya sensa na utafiti huo kuna ujuzi mmoja unaorudiwa, na kurudiwa kwake ndiko kunakomshawishi mwajiri.

Hapa linaingia suala la kupanga. Aliyefanya kazi ya msimu kwa miaka minne akiorodhesha kila msimu peke yake, karatasi yake inajaa vipande na kuonekana kama ya mtu asiyetulia. Vipande hivyo vikiwekwa pamoja vinaeleza jambo jingine: "Kibarua wa msimu, mashamba ya miwa, Kidatu, misimu 4 mfululizo, 2019 hadi 2022; msimu wa nne nilipewa kusimamia kundi la wakataji 12." Kuitwa tena na mwajiri yuleyule ni ushahidi kwamba hakujuta mara ya kwanza. Kupandishwa kutoka kukata hadi kusimamia ni ushahidi mkubwa zaidi, na ajabu ni kwamba wengi hulisahau jambo hilo kwa sababu hakukuwa na barua. Fanya hivyo pia kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu kwenye tafiti: iweke chini ya taasisi moja, taja kipindi chote, kisha eleza miradi kwa ufupi. Pale ambapo kazi ilikatika, usiufiche mwezi wala mwaka. Andika kwamba ulikuwa kwenye kilimo, au ulikuwa ukimuuguza mzazi, kama ndivyo ilivyokuwa. Mwajiri wa Tanzania anaijua nchi yake. Pengo lililoelezwa kwa maneno machache halimtishi, ila lililofichwa humtia shaka.

Kuna kazi ambazo hazikuwa na mwajiri kabisa, nazo ni nyingi bondeni. Mama lishe anayepika kwa ajili ya vibarua 60 kila mchana ananunua kwa jumla, anakopesha, anadai, anakadiria chakula kisibaki na kisipungue. Akiomba kazi ya jikoni kwenye hosteli ya chuo au nyumba ya wageni karibu na lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, hayo ndiyo maneno ya kuandika. Wakala wa fedha za simu anashughulikia miamala mingi kwa siku na kufunga hesabu kila jioni. Katibu wa skimu ya umwagiliaji anapanga zamu za maji, anaandika mihtasari, anasuluhisha ugomvi wa mifereji. Mwalimu wa kujitolea aliyefundisha hisabati darasa la sita kwa mwaka mzima amefundisha, hata kama alicholipwa ni nauli tu. Usiandike kwamba ulikuwa "umejiajiri" ukaishia hapo, kwa kuwa neno hilo halimwambii msomaji lolote. Andika ulichouza, ulimhudumia nani, kwa kiwango gani, tangu lini hadi lini.

Wapo watakaosema kwamba kutaja hesabu namna hii ni kujisifu, na kwamba wahenga walikwishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pingamizi hili lina mizizi katika malezi mema na halipaswi kudharauliwa. Lakini chema hujiuza pale mnunuzi anapoweza kukiona. Jirani yako wa Kibaoni anaijua kazi yako kwa sababu anaishi nayo. Mwajiri aliyeko mbali hajawahi kupita mtaani kwako. Tena, ukitazama vizuri, hesabu ni lugha ya unyenyekevu kuliko sifa. Anayeandika "nilisimamia stoo ya magunia 400 ya mpunga" amejiwekea mpaka, hakudai zaidi ya magunia hayo. Anayeandika "nina uwezo mkubwa sana wa usimamizi" hakujiwekea mpaka wowote. Kama hukumbuki hesabu kamili, kadiria kwa chini na useme ni makadirio. Kama hakuna hesabu, taja mara ngapi kwa wiki, watu wangapi, au eneo gani. Daima pana kipimo ukitafuta.

Kujua kuandika kila kitu hakumaanishi kuandika kila kitu. Mtu mmoja mwenye kazi tano anahitaji karatasi tatu tofauti kwa maombi matatu. Akiomba ukusanyaji wa takwimu, sensa na madodoso yatangulie na kuelezwa kwa kirefu, misimu ya miwa ipewe mstari mmoja. Akiomba usimamizi wa shamba, miwa na mpunga vitangulie, mambo ya kishikwambi yashuke. Akiomba mapokezi kwenye hoteli, kinachotakiwa kuonekana ni kushughulika na watu na fedha. Tangazo la kazi lenyewe ndilo linalotoa mwongozo: lisome ukiwa na kalamu, weka alama kwenye kila jukumu lililotajwa, kisha jiulize ni wapi umewahi kufanya linalofanana nalo. Kazi ya hivi karibuni ianze, ya zamani ifuate, na karatasi isizidi kurasa mbili. Shule ya msingi haina haja ya kuchukua nafasi ambayo miezi sita ya kazi ingeikalia. Barua ya maombi nayo isirudie CV. Ichague mambo mawili yanayolingana zaidi na tangazo na kueleza kwa nini yanalingana.

Swali la nne, la shahidi, ndilo linalowaangusha watu wengi baada ya kuandika vizuri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huagiza wadhamini watatu wa uhakika, na waajiri wengine hufuata desturi hiyo. Mdhamini mzuri ni aliyekuona kazini, hata kama ni nyapara wa kundi lako, kuliko mheshimiwa asiyejua ulifanya nini. Mwombe ruhusa kabla hujamwandika, mkumbushe miaka na kazi, na umtumie nakala ya CV ili asije akababaika akipigiwa. Hakikisha namba yake inapatikana. Msimamizi aliyeko huko ndani ambako mtandao unasumbua awe na namba ya pili. Zaidi ya wadhamini, sheria yenyewe iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi huondoka na malipo ya mwisho bila kukidai, kisha miaka mitatu baadaye mradi umefungwa, ofisi imehama na hakuna wa kusaini. Dai cheti hicho wiki ileile unayomaliza.

Kwa fundi aliyejifunza kwa kuangalia na kutenda, bila kupita chuo, kuna njia nyingine ya kupata ushahidi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, huongezewa mafunzo pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti kinachotambulika. Aliyesuka nondo kwenye daraja, aliyechomelea majembe ya trekta kwa miaka minane au aliyejenga nyumba nusu ya mtaa ana la kupimwa. Mhitimu wa chuo asiyewahi kuajiriwa naye anaweza kujiandikisha kwenye huduma za ajira za serikali, zinazowaunganisha wahitimu na mafunzo ya uzoefu kazini. Njia hizi hazichukui nafasi ya maelezo mazuri kwenye CV. Zinayatia nguvu, kwa sababu kile ulichokisema mwenyewe sasa kimesemwa pia na mwingine mwenye mamlaka.

Inafaa pia kutofautisha milango. Serikalini maombi hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira, na kwa nafasi nyingi za ngazi ya kuanzia kinachochuja kwanza ni elimu na vyeti; uamuzi unabaki kwenye usaili wa maandishi, wa vitendo na wa ana kwa ana. Huko mapambo ya CV hayasaidii, ila ukamilifu wa taarifa unasaidia sana: majina yafanane kwenye vyeti vyote na kwenye kitambulisho cha taifa, tarehe zisigongane, na nyaraka ziwe zile zilizoagizwa. Kwenye kampuni, hospitali, miradi na mashirika, CV ndiyo inayokufikisha kwenye usaili. Katika milango yote miwili uzoefu uliouandika kwa vitendo unakufaa tena mbele ya jopo, kwa kuwa swali la usaili karibu siku zote ni lilelile: tueleze kazi uliyowahi kufanya. Aliyekwisha kuipanga kwenye karatasi anajibu bila kutafuta maneno.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la kujuana. Watu husema kazi zina wenyewe, CV ni kupoteza hela ya kuchapa. Kukana kwamba upendeleo upo kutakuwa kuwadanganya wasomaji. Lakini hoja hiyo ikisukumwa hadi mwisho haisimami. Kwanza, taasisi zinazokaguliwa, hasa zinazotumia fedha za wafadhili, zinatakiwa kuweka kumbukumbu za nani aliomba na kwa nini aliitwa, na jopo haliwezi kumtetea mtu ambaye karatasi yake haina kitu. Pili, hata anayekufahamu na kutaka kukusemea anahitaji la kusema. Akiulizwa "huyu kijana anajua nini?" na kwenye CV pameandikwa anapenda kutazama mpira, umemwacha bila silaha. Tatu, kujuana kwenyewe mara nyingi huanza na kazi iliyoonekana: msimamizi wa utafiti mmoja humkumbuka karani aliyejaza fomu kwa usafi na kumwita kwenye utafiti unaofuata. CV njema haizalishi nafasi zisizokuwepo, wala haimwondoi mwenye upendeleo. Inahakikisha tu kwamba mlango ukifunguka wazi kwa wote, hutabaki nje kwa kosa lako.

Wengine watasema kila mtu anatia chumvi, kwa hiyo asiyetia anajiumiza. Nchi hii ina jibu la hoja hiyo kwa hesabu. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Kati yao walikuwemo waliotumikia miaka mingi. Uongo wa kwenye karatasi hauzeeki. Unakaa kwenye faili ukisubiri siku ya kufunguliwa. Na katika bonde ambako wasimamizi wanafahamiana, kudai kwamba uliongoza timu ambayo ulikuwa mwanachama wake tu ni jambo linaloweza kufichuka kwa simu moja. Ukweli uliofafanuliwa vizuri una nguvu ya kutosha. Waliofanya kazi za utafiti na hospitali wana wajibu mmoja zaidi: wasitaje majina ya wagonjwa au washiriki, wala matokeo ambayo hayajatangazwa, hata kama yangeipendezesha karatasi. Mwajiri makini akiona siri za wengine kwenye CV yako atajua za kwake nazo hazitakuwa salama.

Ushauri wa mwisho ni wa kuanza leo, kabla hakujatoka tangazo lolote. Nunua daftari, au fungua ukurasa kwenye simu, na kila kazi inapokwisha andika mambo sita: jina la mwajiri au mradi, mahali, tarehe ya kuanza na kumaliza, ulichokifanya, kiasi chake, na jina na namba ya aliyekusimamia. Tunza CV yako kwenye barua pepe yako mwenyewe, usiiache kwenye kompyuta ya steshenari peke yake, na ukae pembeni ya mchapaji umwelekeze cha kuandika, usimwachie ajaze fomu aliyoizoea. Waajiri nanyi, wenye mashamba, wakandarasi na wakuu wa miradi, toeni vyeti vya utumishi bila kusubiri kudaiwa; saini yenu ya dakika moja ni ajira ya mtu ya miaka ijayo. Na wewe uliyekata miwa, uliyehesabu watu, uliyechambua mbu, uliyepika na kufundisha: futa neno "sina" kwenye karatasi yako, uandike ulichokifanya.